Safu ya A, Safu ya B

Soko la Kadutu lilipoungua
madaftari yaliungua pamoja na vitenge.
Asubuhi wanawake wa likelemba wakanijia,
moshi bado kwenye nywele:
wewe mwenye kompyuta, tuandikie nani anamdai nani
kabla watu hawajaanza kusahau kwa makusudi.

Kompyuta yenyewe herufi R ilishang'oka.
Ili niandike Murhula
lazima nidunge tundu kwa ncha ya kalamu.
Lakini kazi ni nyepesi: safu ya A, aliyetoa.
Safu ya B, aliyepokea. C, franka ngapi.
Mstari mmoja, uzi mmoja.
Nsimire, Cibalonza, elfu kumi na tano.
Cibalonza, mke wa Bisimwa, debe mbili za unga
(unga nao ni pesa, alinifokea; nikauongezea safu).

Siku tatu juu ya kreti la bia.
Umeme ulikuja saa nane za usiku
ukaondoka kabla ya jogoo.
Mistari mia mbili na kumi na minne.
Dawa ya deni ni kulipa, wanasema.
Kadutu, dawa ya deni ni kukopa kwa huyu
umlipe yule, naye akakope nyuma yako.

Nikabonyeza kitufe cha kuchora.

Kwanza bonge, kama nyuzi za kusukia
zilizosahauliwa kwenye mfuko.
Kisha nukta zikaanza kusukumana,
wasiojuana wakakimbiana,
wanaodaiana wakavutana,
polepole, kama watu wanaotafuta nafasi kwenye benchi la kanisa,
mpaka kila mmoja akakaa.

Nilidhani katikati atakaa Mama Prezida,
mwenye muhuri na kiti cha plastiki chenye mikono.
Alikuwa pembeni kabisa.
Mishale mingi ikimwingia, hakuna hata mmoja unaotoka.

Katikati alikaa Ntakwinja,
muuza chumvi kwa kijiko.
Si kwa ukubwa wa pesa: mia mbili, mia tano.
Ila wenye sambaza wanaopanda kutoka ziwani
na wenye makala wanaoshuka kutoka Kabare
hawajuani hata kwa jina,
na kila njia kati yao inapita kwenye kijiko chake.

Nilimpelekea picha kwa furaha, kama mtu aliyebeba zawadi.
Herufi hajui. Picha aliisoma upesi kuliko mimi.
Akaweka kidole chenye chumvi juu ya nukta nene.

"Hii ni miye?"
Ndiyo, Mama.
"Na nani ataiona?"
Kamati. Na lile shirika la msaada. Na…
"Mutoto, ule mwenye atakuya usiku na bunduki,
sasa atakosa je mulango?"

Akaendelea kupima chumvi.

Usiku nilifuta mistari yake, kumi na tisa.
Nikabonyeza tena.
Soko likapasuka vipande vitatu,
vikaenda zake, kila kimoja na ukingo wake wa skrini,
na nukta moja ndogo ikabaki konani
bila uzi wowote.
Nikasogeza kishale niisome jina.
Mama yangu mzazi.

Sikujua kwamba chumvi tuliyokula
mwaka mzima ule baba alipokuwa Kamituga
ilikuwa safu ya C.

Nikarudisha hatua moja nyuma, zote zikarudi.
Halafu nikamgawa Ntakwinja majina matano ya uongo,
nukta tano ndogo zisizotazamwa na mtu.
Hiyo ndiyo picha waliyoipata kamati.
Wakaisifu: soko letu, angalia, linajishikilia lenyewe.
Faili la kweli linaitwa Sombe ya Pasaka
na halifunguki bila neno ninalolijua mimi.

Jumamosi nikampelekea deni la mama,
elfu moja na mia mbili, noti zimechakaa.
Akazihesabu mara mbili.
Akanirudishia mia mbili mkononi.
"Hii ibakiye," akasema.
"Bila deni, mama yako atapita tu hapa
bila kunisalimia."